Kuchora Habari za Umeme kwa Picha za Ukutani

Atakaye kuchora picha kubwa ya ukutani ili kueleza jinsi dunia ipatavyo umeme hukutana na shida mara moja, kwa kuwa umeme wa waya hauonekani kwa macho. Tena lugha yetu hutumia neno moja kwa umeme wa mawinguni na ule wa taa, basi wachoraji wengi huchora ule wa mawinguni, ambao haumwambii mkulima lo lote juu ya taa ya nyumbani mwake.

Afadhali aanze na gurudumu. Mitambo mingi ya umeme kazi yake ni moja, yaani kuzungusha sumaku kati ya nyaya za shaba. Kinachobadilika ni chenye kuizungusha. Kwenye Mto Tana ni maji. Karibu na Ziwa Turkana ni upepo. Huko Olkaria, tangu mwaka 1981, ni mvuke utokao chini ya ardhi. Makaa ya mawe huchomwa ili maji yachemke yawe mvuke, na hata mtambo wa nyuklia, ambao wengi huuogopa kama uchawi, kazi yake ni kuchemsha maji tu. Vibao vya jua havina gurudumu. Vichorwe peke yao.

Shida kubwa zaidi ni vipimo. Mchoraji akitaka kuonyesha kitu kilichozidi kingine mara mbili, huchora taa yenye urefu mara mbili. Lakini upana nao umeongezeka vivyo hivyo, na jicho huona taa kubwa mara nne! Hakuandika uongo, ila amedanganya watu. Otto Neurath, aliyeanza kazi hii mjini Vienna katika miaka ya 1920, aliweka kanuni kwamba wingi uonyeshwe kwa kurudia picha ile ile, si kwa kuikuza. Mkewe, Marie, aliitumia kazi hiyo Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950.

Basi zichorwe taa 100 za ukubwa mmoja. Kwa hesabu ya dunia ya mwaka 2023, taa 35 hivi ni za makaa ya mawe, na 14 ni za maji. Ajuaye kuhesabu magunia ya mahindi ataisoma picha hiyo bila mwalimu.

Kando yake itundikwe karatasi ya Kenya, yenye taa 100 vile vile za mwaka huo. Humo taa za makaa ya mawe hazimo kabisa, na zaidi ya 40 ni za mvuke wa ardhini. Pasipo karatasi hiyo ya pili, mtazamaji wa Nakuru atadhani kwamba taa yake huwashwa kwa makaa ya mawe.