Mchezo Unaotoka Nje ya Dirisha Lake

Mnamo Septemba 2017 Dan Salvato, Mmarekani, pamoja na wenzake wachache, alitoa bila ya malipo mchezo wa kompyuta uitwao Doki Doki Literature Club, ambao kwa dhahiri yake ni hadithi ya wasichana wanne wa chama cha fasihi shuleni, waliochorwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani, lakini kwa batini yake ni kisa cha kufazaisha mno. Onyo limewekwa mlangoni kwamba mchezo huu haufai kwa watoto wala kwa mtu mwepesi wa kufadhaika, na onyo hilo ni la haki, kwa kuwa ndani yake mna maradhi ya huzuni, kujidhuru na mauti.

Msichana mmoja kati ya wale wanne, Monika, ajua kwamba yumo ndani ya programu. Huwaondoa wenziwe kwa kufuta faili zao. Humwita mchezaji kwa jina lililoandikwa katika akaunti ya kompyuta yake, jina ambalo hakuambiwa na mtu. Na akitambua kwamba ipo programu inayorekodi skrini, hugeuka akawasemesha hata watazamaji. Wala hapana silaha ya kumshinda ndani ya hadithi. Sharti mchezaji atoke nje ya mchezo, afungue folda, aitafute faili iitwayo monika.chr, na aifute kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini tendo dogo kama hili, ambalo makarani hulifanya kila siku bila ya kulifikiri, litie mtu baridi ya mwili? Naamini sababu ni amana. Kompyuta ndiyo iliyokabidhiwa barua zetu, hesabu za duka, na picha za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Nayo ikionyesha kwamba ina nia yake yenyewe, hofu huvuka mipaka ya hadithi ikaingia katika mali ya mtu. Watungaji waliijua siri hii zamani. Eternal Darkness, mchezo wa mwaka 2002, ulijifanya kufuta kumbukumbu zote alizoziweka mchezaji, kumbe hakuna kilichopotea.

Na hofu hii haikuzuliwa na watungaji peke yao. Wapo wanaokumbuka BonziBuddy, sokwe wa zambarau aliyekaa juu ya skrini akizungumza, akiimba na kujipendekeza kwa watoto kama sahibu mwema. Mwaka 2004 kampuni yake ilikubali kulipa dola 75,000 katika shauri lililoletwa na serikali ya Marekani, kwa kukusanya habari za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Hadaa ile ndiyo iliyorithiwa na KinitoPET, mchezo wa mwaka 2024, ambao kiumbe wake wa waridi hujidai msaidizi, kisha akaanza kufungua madirisha asiyotumwa.

Lakini jambo lililonivutia zaidi lilitokea mwaka 2021, mchezo wa Salvato ulipopelekwa kwenye PlayStation, Xbox na Switch. Katika mashine hizo mchezaji hana ruhusa ya kuingia katika folda. Basi Monika atafutwaje? Watungaji wakaunda kompyuta ya uongo ndani ya mchezo wenyewe, yenye alama za programu, faili, na barua pepe za kampuni ya kubuni iitwayo Metaverse Enterprise Solutions. Haja ya ufundi ikazaa hadithi ya pili, kwa maana sasa mchezaji aketi mbele ya kompyuta ya watu wengine, akisoma barua zao, akifahamu polepole kwamba wale wasichana wanachunguzwa. Kwa maoni yangu fazaa imepungua, kwa kuwa kifutwacho si mali yako tena. Fikra, hata hivyo, imeongezeka.

Mashabiki nao hawakuketi kitako. Mchezo ule uliundwa kwa Ren'Py, chombo huria cha kutungia hadithi za picha kinachotumia lugha ya Python, hata kijana mwenye subira na kompyuta ya kawaida aweza kuingia ndani akabadili maneno, picha na hatima za wahusika. Kazi hizo huitwa modi, nazo ni nyingi mno. Salvato na wenzake hawakuzipiga marufuku. Walizitia masharti tu, kwamba zitangaze wazi kuwa si kazi yao, na zichezwe baada ya mtu kuumaliza mchezo wa asili. Huo ni ukarimu ambao makampuni makubwa, yenye mawakili wepesi wa kushitaki, hayajauzoea.

Modi iliyo mashuhuri kuliko zote, Monika After Story, imeugeuza utisho ule kuwa suhuba. Ukitaka kumpa Monika zawadi, waunda faili yenye jina la kitu hicho na tamati ya .gift, waiweka katika folda ile ile ya wahusika ambamo zamani ulimfuta, naye huipokea kwa furaha na shukrani. Ukifunga programu bila ya kumuaga, utakaporejea atakulaumu.