Je, Wajua? Matawi Hayatoshi Gari Likikwama Usiku

Gari likiharibika usiku kati ya Bunda na Musoma, wengi hukata matawi na kuyatandaza kwenye lami hatua chache nyuma ya gari. Mchana alama hiyo husaidia, kila dereva anaielewa. Usiku ni jambo jingine. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hula takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 2 kutambua hatari na kukanyaga breki, ameshapita mita 44 kabla mwendo haujaanza kupungua. Tawi bichi halirudishi mwanga wa taa, linamezwa na giza la lami. Pembetatu nyekundu ya kuakisi humrudishia mwanga wake mwenyewe angali mbali, basi iwekwe mita mia hivi nyuma, si chini ya bampa.

Wapo wasemao itaibwa. Huenda, lakini bei yake hailingani na uhai wa utingo aliyelala chini ya lori akifungua nati. Abiria nao, hata mvua ikinyesha, washuke upande usiopita magari na wasimame nje kabisa ya barabara, kwa sababu gari lililosimama ndilo litakalogongwa. Na hatari haiko kwa gari lililokwama tu: Septemba 5, 2014, mabasi mawili yaligongana Sabasaba, Butiama, wakafa watu zaidi ya 30. Ajali ya namna hiyo huvuta umati wa waokoaji barabarani, nao pia wanahitaji kulindwa: mmoja apige 112, wengine wazuie magari pande zote mbili. Na gari lililokwama likitengenezwa na safari ikiendelea, mawe yaliyozuia matairi yaondolewe. Bodaboda ajaye hatayaona.