Njia ya Tsavo ikifungwa, jua kwanza ni ya nani

Kila masika yakianza, na tena vuli inapoingia, simu yangu hupokea swali moja: "Njia ya Sala inapitika?" Anayeuliza huwa ni dereva wa gari la watalii, mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi, au baba aliyewaahidi watoto kwamba likizo hii watawaona ndovu. Mimi si askari wa mbuga wala mhandisi wa barabara. Ni mtu wa Malindi tu ambaye ameipita njia hiyo miaka mingi, na nimegundua kwamba watu wengi hukosa jibu kwa sababu swali lenyewe wanampelekea asiyehusika.

Tuanze na ramani. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ya Mashariki peke yake ina kilomita mraba 13,747, na ndiyo mbuga kubwa iliyo karibu zaidi nasi watu wa Pwani. Anayetoka Mombasa hufuata barabara kuu ya Nairobi, akapita Mariakani, Samburu na Mackinnon Road, pale wasafiri wengi husimama msikitini penye kaburi la Sayyid Baghali, wakaswali na kunyoosha miguu. Mbele kidogo ndipo lilipo lango la Bachuma, halafu Voi, halafu Manyani. Anayetoka Malindi au Watamu hana haja ya kuzunguka Mombasa. Yeye hupanda bara kupitia Jilore, Kakoneni, Langobaya na Baolala, zaidi ya kilomita 100, hadi lango la Sala.

Sasa hapa ndipo penye mkanganyiko. Msafiri huona safari moja na barabara moja. Serikali huona barabara tatu zenye wenyewe tofauti.

Barabara ya Mombasa–Nairobi iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, yaani KeNHA. Barabara za mashambani, zile za kuunganisha vijiji na masoko, ziko chini ya KeRRA, na nyingine ndogo ziko chini ya serikali ya kaunti. Lakini ukishavuka lango la mbuga, kila njia unayoikanyaga iko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hao ndio wanaoichonga, wanaoifunga na wanaoifungua.

Na si kwamba wanaichonga kwa pesa za kiingilio peke yake. Sheria ya Bodi ya Barabara huitenga KWS asilimia moja ya ushuru wa barabara unaokatwa kwenye mafuta, kwa ajili ya njia zilizo ndani ya mbuga na hifadhi. Ushuru huo ulipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Piga hesabu: katika kila lita unayotia, kinachokwenda kwenye njia za mbuga zote za Kenya hakizidi senti 25. Kwa pesa hizo huwezi kutarajia lami kutoka Sala hadi Voi. Lakini pia jua kwamba dereva wa boda boda wa Malindi ambaye hajawahi kuona simba, na ambaye pikipiki yake hairuhusiwi kuingia mbugani, anachangia njia hizo kila siku. Kwa hiyo hata yeye ana haki ya kuuliza habari zake.

Tukishajua wenyewe, tuangalie njia hufungwaje. Mimi huona kufungwa kwa aina tatu.

Kwanza ni kufungwa kwa saa. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kila siku ya mwaka. Hili hufanyika hata kama hakuna tone la mvua. Wengi hunaswa hapa, hasa wanaotaka kuingilia Sala na kutokea Voi ili waendelee Nairobi. Wanaitazama ramani, wanaona umbali mdogo, wanafika Sala saa tisa alasiri. Ndani ya mbuga mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Kilomita 80 ni saa mbili kamili bila kusimama, na ni nani atakayempita ndovu mwekundu kwa udongo wa Tsavo asisimame? Adhuhuri ikikukuta bado hujafika langoni, fikiria upya safari yako. Mbugani hakuna kulala garini wala kutembea kwa miguu usiku, na askari akikurudisha hajakuonea.

Pili ni kufungwa kwa maji. Aina hii ndiyo inayotusumbua zaidi na ndiyo inayoeleweka kidogo. Watu husema, "Malindi jua linawaka, vipi njia imefungwa kwa mvua?" Jibu liko mtoni. Mto wetu wa Sabaki si wa Malindi. Ndio Galana huko juu, na Galana huzaliwa pale Mto Athi unapokutana na Mto Tsavo. Athi unatoka pande za Nairobi na kupita Ukambani. Mvua ikinyesha huko, maji huteremka mamia ya kilomita hadi kwetu, na yanaweza kufika hapa siku ambayo mbingu ni nyeupe kama pamba. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Walisema kwa wavuvi, lakini dereva anayesimama ukingoni mwa Galana na kujipa moyo kwamba "yanapitika" angepaswa kuyasikia pia.

Njia kuu kutoka Sala hufuata upande wa kusini wa mto. Anayetaka kwenda ng'ambo ya kaskazini hana daraja refu la kumpitisha juu kwa juu, ana kivuko cha zege kilicho chini, karibu na Maporomoko ya Lugard. Galana ikijaa, kivuko hufunikwa na maji na safari huishia hapo. Vivyo hivyo Mto Voi na mikondo midogo inayokauka kiangazi: mwezi mzima ni mchanga mtupu, halafu usiku mmoja ni mto.

Ongeza udongo. Sehemu kubwa ya Tsavo ni udongo mwekundu, lakini kuna mabonde ya udongo mweusi unaonata. Ukilowa, gari la magurudumu mawili ya kuvuta halifiki popote, na lile la magurudumu manne likipita kwa nguvu huacha mitaro mirefu inayokaa hadi kiangazi. Ndiyo maana njia ndogo za kuangalia wanyama zinaweza kufungwa wiki nzima baada ya mvua kukatika. Si kwa sababu maji yapo, ni kwa sababu gari moja likipita leo, magari mia yatateseka kesho.

Na maji hayachagui njia ya mbuga peke yake. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, barabara kuu ya Mombasa–Malindi ilikatika pale Mbogolo. Lango la Sala lingeweza kuwa wazi kabisa siku hiyo, na mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa Mombasa asifike Malindi. Ndiyo nikasema ujue ni barabara ya nani. KWS haiwezi kukujibu kuhusu Mbogolo, na KeNHA haiwezi kukujibu kuhusu kivuko cha Lugard.

Tatu ni kufungwa kwa usalama, wa watu au wa wanyama. Eneo la kaskazini mwa Galana lilifungiwa wageni kwa miaka mingi kwa sababu ya majangili waliokuwa wakiua ndovu na vifaru. Leo hali ni tofauti, lakini mamlaka ya kufunga ipo, na askari akikwambia njia fulani haipitwi leo hana wajibu wa kukueleza operesheni yake. Kubali, geuza gari, tafuta njia nyingine.

Sasa niseme linaloniuma. Kufungwa kwa njia kukiwa na sababu hakunisumbui. Kinachonisumbua ni habari ya kufungwa kumfikia mtu akiwa ameshafika. Hesabu hasara ya siku moja. Dereva amekodi gari kwa bei ya siku, amejaza mafuta, amechukua wageni hotelini saa kumi alfajiri. Shule imekusanya mchango wa wazazi muhula mzima, shilingi mia mia. Tikiti haiuzwi tena kwa pesa mkononi, hulipwa kwa simu au kadi, kwa hivyo wengi wameshalipa kabla hawajaondoka. Njiani kuna kina mama wa Langobaya na Kakoneni wanaotegemea magari yasimame wanunue maembe, ndizi na maji. Gari lisipopita, wao hawana wa kumlalamikia. Mgeni kutoka Italia atarudi hotelini alale kando ya bwawa la kuogelea. Hasara hubaki kwetu.

Kwa hiyo kabla hujatoka, fanya haya. Piga simu au ulizia ofisi ya KWS jioni ya kuamkia safari, si wiki moja kabla, na utaje lango unaloingilia na lango unalotokea. Usiulize "Tsavo iko wazi?" Tsavo karibu kila siku iko wazi. Uliza njia uitakayo. Kisha mtafute dereva aliyeshuka kutoka huko siku hiyo hiyo, maana yeye anajua daraja na tope la leo. Kumbuka tikiti ni ya saa 24 na ya kuingia mara moja, na ya Tsavo Mashariki haikuingizi Magharibi. Ukitoka nje kukwepa njia mbovu ukidhani utarudia lango jingine, jiandae kulipa upya. Katika miezi ya Aprili na Mei, kama huna gari la magurudumu manne, bora upitie barabara kuu uingilie Bachuma au Voi, ingawa kwa mtu wa Malindi ni mzunguko mrefu. Mimi mwenyewe nikiwa na watoto na wakwe, masika hupitia huko. Na kama mvua imekataa kabisa, hifadhi ya Shimba Hills iko jirani ya mji wa Kwale, ina ndovu na palahala, na safari yake ni fupi kwa aliye Mombasa.

Kwa wenye mamlaka nina maombi matatu, na hakuna linalohitaji bajeti ya mabilioni.

La kwanza, tangazo liwekwe Malindi, si Sala. KWS tayari ina ofisi mjini, kule Casuarina kwenye mbuga ya bahari. Ubao mmoja hapo, na mwingine mahali magari yanapoanza kupanda bara, ukiandikwa kila asubuhi njia ipi wazi na ipi imefungwa, ungeokoa safari nyingi za bure.

La pili, tangazo liwe kwa Kiswahili. Anayeendesha gari, anayebeba wanafunzi na anayeuza maembe wote wanakisoma.

La tatu, anayelipa tikiti kisha njia ikafungwa na mbuga yenyewe ahamishiwe siku nyingine kwa utaratibu ulioandikwa na kubandikwa wazi, asiachwe kutegemea huruma ya aliye zamu langoni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tutauliza. Lakini anayeulizwa naye awe na jibu mapema, kabla jua halijachomoza na mafuta hayajatiwa.