Mwaliko, Mbanduko na Ufa: Istilahi za Kusikiliza Madhara

Upungufu wa istilahi za ufundi hauondolewi kwa kutohoa peke yake. Mara nyingi neno tunalolitafuta limo tayari vinywani mwa watu, ila halijapewa kazi mpya. Katika makala hii twakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja.

Mnunuzi wa chungu huko Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, au Masasi, magharibi yake, hukigonga kwanza. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukoroma. Ukuta wa fito na udongo nao hutoa mlio mfu pale udongo ulipoachana na fito.

Ukuta huo ni maada ambatani: udongo hushika, fito hukaza. Kwa kanuni hiyo hiyo nyuzi za kioo au za kaboni hushikwa na gundi ngumu. Hatusemi "mchanganyiko", kwa kuwa katika ambatano kila kimoja hubaki na umbo lake. Ndege ya Boeing 787-8, ambayo Tanzania ilipokea ya kwanza mwezi Julai 2018, takriban nusu ya uzito wa muundo wake ni maada za namna hii. Hatari yake ni kwamba uso huweza kuonekana mzima ilhali matabaka ya ndani yameachana.

Mafundi wa ndege nao hugonga. Lakini iko njia nyingine, ya kusikiliza bila kugonga. Kitu kinapoelemewa, gundi hupata ufa, matabaka hupata mbanduko, na nyuzi hupata mkatiko. Kila tukio hutoa wimbi dogo, aghalabu la mitetemo 100,000 hadi 300,000 kwa sekunde, na sikio la mtu haliwezi kusikia zaidi ya 20,000. Hivyo vipokea-sauti hubandikwa juu ya kitu, na tofauti ya muda wa wimbi kuvifikia huonyesha mahali palipodhurika. Mwaka 1950 Mjerumani Josef Kaiser alieleza kwamba kitu kilichokwisha kubebeshwa mzigo hukaa kimya mpaka mzigo ule wa awali upitwe. Maada ambatani ikilia kabla ya hapo, ni dalili kwamba imedhoofika.

Mlio huo tuuiteje? "Utoaji wa sauti" hautoshi, kwani hata ngoma hutoa sauti. Twapendekeza *mwaliko*, kutokana na kualika, kama kuni zinavyoalika motoni. Atakayepinga atasema kwamba mwaliko ni wito wa harusini. Twajibu kwamba kaa la moto na kaa wa pwani hawajapata kuchanganywa jikoni. Muktadha hutenga maana.

Jambo hili si la kamusi tu. Fundi akiambiwa kwamba bawa linaalika, atasimama asikilize. Akiambiwa neno asilolijua, huenda akaitikia kwa adabu na kuendelea na kazi, na ufa nao ukaendelea na yake.

Wasomaji, hasa wafinyanzi na waashi wa Masasi na Newala, wanayo majina yao ya milio hii. Twawaomba watuletee kabla hatujabuni mengine.