Marco Polo Hakuleta Tambi

"Mwalimu, Marco Polo alishukia Venice au Genoa na zile tambi za China? Tunaenda Italia mwezi wa tano na mwenzangu, tungependa kupaona mahali penyewe."

Aliyeniandikia hivi ni msomi, nauli amekwisha kulipa na bima amekata. Swali hilohilo nimeulizwa darasani na wapishi ninaowafundisha historia ya chakula, nimeulizwa na waongoza watalii, nimeulizwa hata msibani nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Sasa nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi, mkate kipande hiki mkibandike jikoni.

Hakushukia nazo popote. Polo aliondoka Venice mwaka 1271 na akarudi mwaka 1295. Februari 1279, alipokuwa bado Asia na amebakiza miaka 16 kabla ya kuiona tena nyumbani kwao, karani wa hati mjini Genoa aitwaye Ugolino Scarpa aliorodhesha mali za askari mmoja, Ponzio Bastone. Kati ya vitu vya askari yule kuna kikapu kilichojaa makaroni. Wala si makaroni yaliyopikwa jana. Chakula cha kuoza hakiandikwi kwenye orodha ya mali pamoja na nguo na silaha. Yalikuwa makavu, yana thamani ya fedha, na karani hakuona haja ya kueleza ni kitu gani. Kila mtu Genoa aliyajua.

Hapa ndipo wabishi hunijia na hoja ya pili: pengine kuna Mtaliano mwingine aliyemtangulia Polo kwenda China, ila jina lake limepotea. Haya. Turudi nyuma miaka 125 zaidi, na tuhame Genoa twende Palermo, kisiwani Sicily, ambako ndiko nilitaka msomaji wangu aende tangu mwanzo.

Palermo ilitekwa na Waislamu kutoka Afrika Kaskazini mwaka 831, kisha ikachukuliwa na Wanormani mwaka 1072. Wafalme wa Kinormani walikuwa Wakristo waliojua kutumia watu: makarani wao waliandika kwa Kiarabu, Kigiriki na Kilatini. Mfalme Roger wa Pili alimwajiri mwanajiografia Mwislamu, Sharif al-Idrisi, amwandikie kitabu cha dunia nzima iliyojulikana wakati ule. Kitabu kilikamilika Januari 1154. Mfalme alifariki mwezi uliofuata. Humo al-Idrisi anaeleza habari za Trabia, mji mdogo wa pwani ulio kilomita 30 hivi mashariki ya Palermo. Anasema una maji yasiyokatika na vinu vingi vya kusaga, na kwamba hapo hutengenezwa itriya, yaani tambi, kwa wingi wa kutosha kupelekwa Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Shehena za meli, anasema, nyingi.

Soma tena maneno hayo: vinu, meli, wateja wa dini mbili. Hiki si chakula ambacho mtu mmoja amekionja ugenini akakibeba mfukoni. Ni biashara iliyokomaa, na imeandikwa miaka 100 kamili kabla ya Marco Polo kuzaliwa. Kwa taarifa ya wasomaji wa pwani yetu, kitabu hichohicho kinaitaja Malindi, kinaitaja Mombasa, na kinaeleza biashara ya chuma ya huko. Mtu aliyeweza kukusanya habari za chuma cha Malindi akiwa amekaa Palermo, hakukosea juu ya kinachopakiwa melini karibu na mlango wake.

Wala Trabia haikuwa mwanzo. Katika karne ya 9, tabibu wa Kisyria Isho bar Ali aliieleza itriya katika kamusi yake kuwa ni nyuzi za unga wa semolina zinazokaushwa kabla ya kupikwa. Hapo tunaona siri yote ya jambo hili, na inasikitisha kwamba watu wanaopika kila siku hawaioni. Siri ni kukausha. Mediterania ina ngano ngumu, ile inayotoa semolina ya manjano. Protini yake hushikamana vizuri, kwa hiyo nyuzi zake zikipigwa na upepo hukauka bila kumeng'enyuka, na zikichemshwa baada ya miezi hazigeuki uji. Weka pamoja ngano ngumu, maji ya kuzungusha vinu, jua, upepo wa bahari na meli, nawe una bidhaa ya kumlisha baharia. Ondoa kimojawapo, unabaki na chakula cha mchana cha nyumbani.

China nao walikula tambi zamani sana, hilo hakuna anayelibisha. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kupatikana kwa bakuli la tambi lenye umri wa miaka 4,000 hivi huko Lajia, na wakasema zilikuwa za nafaka za jamii ya mtama na uwele, si ngano. Lakini kuwa wa kwanza si kuwa chanzo cha wengine wote. Watu wa mbali wanaweza kuchukua unga na maji, kila mmoja kwao, wakafika mahali pamoja bila kutumiana barua. Wanaoniuliza swali hili hawataki kukubali hivyo. Wanamtaka mtu mmoja, mwenye jina, mwenye meli, wa kumpigia makofi.

Basi hadithi hii ilitoka wapi? Kitabu chenyewe cha Polo hakisemi alileta tambi. Katika toleo lililochapishwa na Ramusio mwaka 1559 kuna maelezo ya Fansur, kisiwani Sumatra, ambako watu walitoa unga katika shina la mti na kuutengenezea lasagne na vyakula vingine. Angalieni vizuri: anayesema "wanatengeneza lasagne" anazijua lasagne tayari, na msomaji wake anazijua pia. Huwezi kufananisha kitu kigeni na kitu ambacho bado hujakigundua. Kisha ikaja mwaka 1929, jarida la chama cha watengenezaji wa makaroni wa Marekani likachapisha kisa cha kuchangamsha soko, chenye baharia wa Polo anayeitwa, mtanisamehe, Spaghetti. Mwaka 1938 Hollywood ikatoa filamu ya Marco Polo, Gary Cooper akionjeshwa tambi na mzee wa Kichina. Ndiyo asili ya "historia" yenu hiyo: tangazo la wauza makaroni na sinema.

Nikimaliza kusema haya, kuna wanaorukia upande wa pili: "Kumbe ni Waarabu walioleta!" Taratibu. Warumi walikuwa na lagana, maganda ya unga, ingawa hatuwezi kuapa kwamba waliyachemsha kama tunavyochemsha sisi. Wakati wa utawala wa Waislamu na baadaye wa Wanormani, Sicily ilipata tambi kavu za kuuzwa mbali, na hilo ni jambo kubwa vya kutosha bila kutiwa chumvi. Utasikia pia kwamba tambi za dagaa za Palermo zilibuniwa mwaka 827 na mpishi wa jeshi la Waislamu lililokuja kuivamia Sicily. Hakuna mpishi wa jeshi aliyeacha risiti. Na wanaodhani nyanya ni ya kale huko wajue ilitoka Amerika: mchuzi wa nyanya kwa tambi unaanza kuonekana vitabuni mwishoni mwa karne ya 18, katika kitabu cha mpishi Francesco Leonardi. Al-Idrisi hakuwahi kuona nyanya maishani mwake.

Ninalipigia kelele jambo hili kwa sababu linaharibu safari za watu. Mtu anakwenda Venice kuitafuta gati ya tambi, mji ambao wenyeji wake kwa jadi ni watu wa wali, samaki na polenta, ambayo siku hizi ni ugali wa mahindi. Analipa bei ya Venice kwa sahani ya spageti ambayo angeipata popote, anapiga picha, anarudi. Palermo, ambako ushahidi umesimama kwa mawe na bado unaliwa barabarani, hakukanyaga.

Ukifika, anza na Cappella Palatina ndani ya Kasri la Wanormani, kanisa dogo la Roger wa Pili lililoanza kujengwa miaka ya 1130. Watalii wengi hukodolea macho dhahabu ya ukutani, picha za watakatifu zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi. Wewe inua shingo. Dari ni ya mbao, imechongwa vishimo na vining'inio kwa ufundi wa nchi za Kiislamu, na kila kipande kimechorwa: mpiga ala amekaa mkao wa kukunja miguu, mtu ameshika kikombe, ngamia, tausi, na pembezoni maandishi ya Kiarabu ya kuombea heri. Chini yake Wakristo walisali misa. Chukua darubini ndogo, maana dari iko juu na picha ni ndogo. Bila hiyo utaona vumbi la rangi tu. Hili ndilo jiji lililokuwa na walaji wa tambi za Trabia, na dari hiyo inakueleza namna watu wake walivyochanganyika kuliko kitabu chochote cha mapishi. Bunge la Sicily hukutana katika kasri hilohilo, hivyo siku za vikao sehemu nyingine hufungwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa kuu, la mwaka 1185, lililojengwa mahali palipokuwa na msikiti. Katika baraza la kusini, nguzo ya kushoto ina aya ya Qurani ya sura ya al-A'raf, na imebaki hapo. Mwaka 973 msafiri Ibn Hawqal alihesabu misikiti zaidi ya 300 mjini na viungani, kisha akawalalamikia wenyeji kwamba vitunguu vibichi walivyokula asubuhi na jioni vimewaharibu akili. (Mgeni wa kwanza kuikosoa Palermo kwa chakula chake, na si wa mwisho.) Ukipata nafasi nenda na Zisa, kasri la mapumziko la majira ya joto lililoanzwa mwaka 1165, uone ukumbi wa chini ambamo maji yalipitishwa ili kupoza hewa.

Na Trabia? Treni ya mkoa kutoka stesheni kuu ya Palermo inafika huko bila kubadilisha. Usitarajie jumba la makumbusho la tambi. Kuna ngome kando ya bahari, na kuna bahari. Nusu siku yatosha.

Chakula sasa, haraka haraka. Soko ni Ballarò au Capo, asubuhi. Vucciria siku hizi ni ya usiku na kelele. Anza na panelle: unga wa dengu unakorogwa motoni mpaka ushikane, unatandazwa, unakatwa, unakaangwa, unatiwa ndani ya mkate wenye ufuta na kukamuliwa limau. Ni rahisi, ni ya moto, na inashibisha. Sfincione ni mkate mnene wenye vitunguu, nyanya na dagaa chumvi. Moshi utakaouona kona ni wa stigghiola, utumbo wa kondoo uliozungushwa kwenye kitunguu cha majani na kuchomwa. Tambi za dagaa zina shamari ya mwituni, zabibu kavu na mbegu za msonobari, na juu hunyunyiziwa chenga za mkate zilizokaangwa. Ziagize majira ya kuchipua, shamari ikiwa changa, na usiombe jibini. Anayependa samaki afike Trapani, magharibi, akale kuskusi ya mchuzi wa samaki. Epuka mkahawa wenye picha za vyakula mlangoni na kijana wa kukuvuta mkono. Fedha kidogo ya kukaa mezani itakuwemo kwenye bili, coperto. Ni kawaida, usigombane.

Wasomaji Waislamu, someni sehemu hii mara mbili. Pani ca meusa, mkate wa bandama na mapafu ya ng'ombe, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Arancina (tonge la wali lililokaangwa) ya nyama mara nyingi ina nguruwe, na ile inayoitwa "ya siagi" kwa kawaida ina paja la nguruwe ndani. Ganda la kitamutamu kiitwacho cannolo kwa jadi hukandwa kwa mafuta hayohayo na kutiwa mvinyo wa Marsala. Granita (barafu tamu) ya limau au ya lozi haina tatizo, wala kuskusi ya samaki. Kwa vingine vyote, hata panelle, kwa kuwa kikaangio huweza kuwa kimoja, uliza kabla ya kutoa pesa: "C'è maiale? C'è strutto?" (Kuna nguruwe? Kuna mafuta ya nguruwe?) Wauzaji wa Palermo wamezoea kuulizwa, na watakujibu ukweli.