Jua Lilipatwa Saa Ngapi? Kutoka Babeli hadi Kasense

Tarehe 1 Septemba 2016, kabla ya saa sita mchana, mama alinipigia simu kutoka Kasense, Sumbawanga. "Mwanangu, jua limepatwa!" Chini ya mparachichi wa uani, vidoa vya mwanga vinavyopenya majani vilikuwa vimegeuka miundu midogo, imetapakaa ardhini. Nikamuuliza lilianza saa ngapi. "Nilikuwa nachambua maharage," akajibu.

Siku ile wengi walikwenda Rujewa, Mbarali, kuliona jua likiwa pete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika lote. Ukiwa karibu zaidi hulifunika kabisa, na mchana huwa giza. Hilo nililiona Dallas tarehe 8 Aprili 2024, giza la karibu dakika 4. Safari hii saa niliandika. Nieleze kwa nini.

Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, jua lilipatwa kikamilifu Babeli, katika Iraki ya leo. Mwandishi mmoja aliandika kwenye kibao cha udongo kwamba ilikuwa siku ya 29 ya mwezi, kama inavyopasa, maana jua hupatwa mwezi unapokaribia kuandama. Akaandika pia muda tangu jua kuchomoza hadi lilipoanza kupatwa, ambao kwa kipimo chetu ni dakika 96, na kwamba sayari zilionekana mchana, Zuhura ikiwemo.

Wataalamu wa zama zetu, akiwemo Richard Stephenson wa Chuo Kikuu cha Durham, walipiga hesabu kurudi nyuma hadi siku hiyo. Kama dunia ingekuwa imezunguka kwa kasi ileile ya leo, kivuli cha mwezi kingepita magharibi ya Babeli kwa karibu nyuzi 49. Ni sawa na kutoka Sumbawanga hadi longitudo ya Dakar, Senegali. Lakini kibao kinasema giza liliingia Babeli penyewe.

Jibu ni kwamba dunia inapunguza mwendo. Mwezi huvuta maji ya bahari yakajaa na kupwa, na msuguano wake unaifunga dunia breki. Kila karne siku hurefuka kwa chini ya sehemu 2 za elfu moja za sekunde. Haba na haba hujaza kibaba: kwa karne 21, tofauti za siku zote zikijumlishwa zimefika zaidi ya saa 3. Tunalijua hilo kwa sababu kuna mtu alitazama, akaandika.

Kwetu nako kivuli kimepita. Tarehe 29 Mei 1919, mwanaastronomia Arthur Eddington alipiga picha za nyota kisiwani Príncipe jua likiwa limepatwa, zikasaidia kuthibitisha nadharia ya Einstein. Jioni hiyohiyo kivuli kilekile kilivuka Kongo na Ziwa Tanganyika, kikaingia nchini mwetu. Wazee walioliona giza lile tungewauliza mengi.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa umbo la pete, na njia yake itapita Tanzania. Ndugu zangu wa Ufipa, wanunulieni watoto miwani maalumu, maana kulitazama jua kwa macho matupu hupofusha. Kisha chukueni daftari, mwandike mahali, saa na mlichokiona. Mama nimeshamtumia daftari lake.