Neno na Hukumu: Kusoma Habari za Maji Maji kwa Jicho la Mfasiri

Makala haya yamekusudiwa kuwakumbusha wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali kwamba istilahi za historia si vyombo vitupu. Nyingi zimebeba hukumu ya yule aliyezianzisha, na mwenye kuzifasiri pasipo kuzichunguza huipokea hukumu hiyo kama kwamba ni yake.

Mfano wetu ni Vita vya Maji Maji katika nchi ya Ubena. Msomaji wa Mjimwema, Njombe, hana haja ya kwenda mbali: Septemba 1905 kituo cha misheni cha Yakobi, ambacho nacho kimo Njombe, kilishambuliwa na wapiganaji wa Kibena. Tuitazame sentensi hii, tuliyoitunga kwa kufuata mtindo wa maandishi ya kikoloni:

"Wabena walidanganywa na wachawi wakaasi, baadaye walitulizwa, na njaa ikazuka."

Sarufi yake haina kasoro. Kasoro imo katika maneno.

(a) Wachawi. Katika Kiswahili mchawi hudhuru, na mganga huponya na kukinga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani Agosti 1905, alikuwa mganga kwa watu wake. Neno la Kijerumani "Zauberer" laweza kuwakusanya wote wawili. Basi mfasiri ndiye achaguaye, na akichagua "mchawi" amekwisha kutoa hukumu.

(b) Kuasi. Mtu huasi mamlaka ambayo yapasa kutiiwa. Gavana von Götzen alipochapisha kitabu chake mwaka 1909, alikipa jina lenye kutaja uasi wa miaka 1905 na 1906. Kwa kiti alichokalia, neno lilimfaa. Lakini mkulima wa Umatumbi, aliyelazimishwa kulima pamba na utawala asiouchagua, hutiwa hatiani na neno hilo kabla hajafungua kinywa. Hata miaka ile yafaa kutazamwa: mapigano hayakwisha kabisa hadi 1907.

(c) Kutulizwa. Mtoto aliaye hutulizwa. Watu walioshambuliwa kwa bunduki za rashasha hawakutulizwa, walishindwa vita.

(d) Njaa ikazuka. Hapa mtenda amefichwa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na kuharibu vyakula na mashamba, ili njaa iwalazimishe watu kusalimu amri. Njaa hiyo ilisababishwa. Wajerumani walikadiria kuwa Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo yamtaka msomaji aulize ni nani aliyehesabu, na ni vifo gani alivyovihesabu.

Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tunayo ngoma yetu. Tukiandika kwamba "wananchi wote wa Tanganyika waliungana", tumeingiza makosa mawili. Jina Tanganyika lilipewa nchi hii rasmi mwaka 1920, wakati wa utawala wa Waingereza. Tena si wote walioungana: Wahehe wengi walikuwa upande wa Wajerumani, na hata Wabena hawakuwa na msimamo mmoja. Kuwafuta hao ili hadithi ipendeze ni upotoshaji uleule, ingawa safari hii unatufurahisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfasiri anapofasiri hati ya zamani asimsafishe mwandishi wake: akisema "uasi", iandikwe "uasi", ndani ya alama za kunukuu au kwa tanbihi, ili msomaji ajue neno ni la nani. Pili, mwandishi anapoandika kwa kauli yake mwenyewe, atumie neno lielezalo tendo kabla ya lile litoalo sifa au lawama. Ndiyo maana "Vita vya Maji Maji" ni afadhali. Tatu, mwalimu awaulize wanafunzi wake juu ya kila sentensi: nani asema, nani ametenda, na nani hakutajwa?

Mtoto wa Njombe asomaye kwamba babu zake "walitulizwa" hufundishwa jambo ambalo mwalimu wake hakukusudia kulifundisha. Kulizuia hilo ni wajibu wetu sote tushughulikao na maneno.